Kitabu cha Nyuki Mbele ya Wakwe

Sogea karibu, wewe uliyekuja kuniuliza umnunulie baba yako kitabu gani. Nitakujibu, usiwe na wasiwasi, kazi yangu ndiyo hiyo. Ila kwanza vumilia nikusimulie aibu yangu mwenyewe, maana nimechoka kuisikia ikisimuliwa na watu wengine huko sokoni, kila mmoja na chumvi yake, na wapo wanaosema nilizimia (sikuzimia, nilikaa chini tu, tena kwa hiari yangu).

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila mtu alipogeuka mfanyabiashara hata kama hakutaka. Mimi sikutaka. Nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima tangu nikiwa binti mdogo. Nikatembea vijiji vingi vya Ufipa na ubao wangu mgongoni, mpaka siku moja nikaambiwa kwamba kazi yetu imepunguzwa, asante mwalimu, nenda salama. Nikachukua vitabu vyangu, nikaongeza vilivyokuwa vinauzwa bei ya kutupa pale duka kubwa la vitabu lilipofungwa, nikafungua kibanda karibu na soko la Sumbawanga. Kushoto kwangu mitumba, kulia kwangu redio na tochi za kutoka mpakani Tunduma, mbele yangu mama wa maharage. Katikati mimi, Mwalimu Skola, na vitabu vilivyojaa vumbi.

Vitabu havikutoka. Nilichogundua ni kwamba mtu hajinunulii kitabu, lakini humnunulia mwenzake, hasa kikifungwa vizuri. Basi nikaagiza zile karatasi zinazong'aa, nyekundu na za dhahabu, nikaandika kwenye kibao: "Zawadi ya kitabu kwa kila umri. Uliza." Watu wakaanza kuuliza, na mimi kuulizwa ndicho ninachokipenda duniani. Nilikuwa nawaeleza taratibu: mtoto anayeanza shule mpe kitabu chenye herufi kubwa na picha, lakini picha zisimalize habari yote, zimwachie hamu ya kujua maneno yanasemaje. Kijana usimpe mawaidha, mpe mkasa, mawaidha atayaokota humo humo. Bibi mpe kitabu cha kusomewa, ili mjukuu apate sababu ya kukaa naye. Wanandoa wapya wape kitabu cha mapishi, na mpe mume, siyo mke. Watu walicheka, walinunua, na mimi nikajiona nimezaliwa upya.

Ndipo siku moja ya Juni, baridi ya kukata masikio, akaingia mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita mtumbwi.

"Mwalimu, nimeambiwa wewe ndiye daktari wa zawadi."

"Karibu mama. Zawadi ya nani?"

"Ya watu wote."

Huyo alikuwa Yustina, mfanyabiashara wa migebuka na dagaa kutoka Wampembe kule ziwani, shangazi wa kijana aliyekuwa anaoa kwetu. Alinieleza kwamba Jumamosi kuna sendofu, sherehe ya kumuaga binti, pale mtaa wa Izia, na upande wa bwana harusi wanatakiwa kupeleka zawadi kwa familia nzima ya binti, mkubwa kwa mdogo. Kila mtu hupeleka mablanketi na vitenge. Yeye alitaka waende na mablanketi, ndiyo, lakini juu ya kila blanketi pawe na kitabu.

"Nyinyi watu wa huku juu mnatuona sisi wa ziwani hatujui ila kupara samaki," akasema. "Safari hii mtatuheshimu."

"Binti wa nani?" nikauliza huku nikichomoa vitabu.

"Wa Mzee Kalisto. Zamani alikaa kijiji cha Kate, sasa anakaa Izia. Tulipokwenda kujitambulisha tuliona cheti chake cha kisomo ukutani, kimewekewa kioo kabisa. Nikamwambia kaka yangu, hapa tumepata wakwe wasomi."

Msikilizaji wangu, mkono wangu ulibaki juu ya rafu.

Cheti kile nilimpa mimi. Na Mzee Kalisto hakujua kusoma.

Nieleze ilivyokuwa, kwa sababu bila hilo hutaelewa kitu. Nilipokuwa nafundisha kule Kate nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na wanafunzi wangu walikuwa baba zangu. Walikuja jioni wametoka kulima, mikono ina udongo, macho yanafumba yenyewe. Herufi hazikuwaingia. Lakini nilichosema kwa sauti walikishika mara moja, basi nikaona njia rahisi: tuimbe somo. Somo la nne lilikuwa fupi, la mbolea. Mimi nasema mstari, wao wanaitikia, mpaka likawa kama wimbo wa kupalilia. Alipokuja mkaguzi kutoka wilayani nikamkaribisha chai, nikamwambia, "Tuwasikilize somo la nne." Mkaguzi alikuwa na njaa na vijiji vingine vitatu vya kumaliza. Wakasimama mmoja mmoja na kitabu mkononi, macho kwenye ukurasa, wakalisema lote bila kukosea neno. Darasa zima lilifaulu. Mimi nilipongezwa. Nilijua kabisa nilichokifanya, nikajisemea nitawarudia mwezi ujao niwafundishe vizuri. Mwezi uliofuata nikahamishwa.

Sasa pale kibandani ningeweza kumwambia Yustina, "Mama, huyu mzee mpe blanketi peke yake, blanketi la nguvu, baridi ya huku unaijua." Sentensi moja tu. Lakini angeuliza kwa nini, na mimi nina ugonjwa wa kueleza, ningejikuta nimeeleza yote. Nikanyamaza. Nikamchagulia Mzee Kalisto kitabu cha ufugaji wa nyuki, kwa sababu nilikumbuka alikuwa na mizinga msituni, na nikajipa moyo kwamba atakiweka kabatini kama wazee wengine wanavyofanya, na hakuna atakayeumia. Nilivua miwani nikaiweka mezani ili nikunje karatasi ya dhahabu vizuri kwenye pembe (kwa karibu sana naona vizuri zaidi bila miwani, au ndivyo nilivyokuwa najidanganya). Yustina akafurahi mpaka akanialika.

"Uje Jumamosi, Mwalimu. Uone vitabu vyako vinavyopokelewa."

Nikaenda. Kuna watu hupigwa na mvua, na kuna watu huifuata mvua kwa miguu yao.

Pale Izia walikuwa wamefunga turubai uani, upepo unalipiga kama tanga, watu wamevaa makoti ya mitumba mpaka shingoni. Kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi, upande wa wazee, soda upande wa vijana. Mzee Kalisto alikaa mbele na mkewe, Mama Oliva, na mama yake mzee aliyefunikwa shuka mbili. Alikuwa amevaa suti. Aliponiona akasimama, mzee mzima, akasema, "Mwalimu wangu!" Nikamwamkia, "Shikamoo baba," akaitika huku akinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akawaambia wakwe, "Huyu ndiye aliyenifungua macho." Sikujua niangalie wapi. Nyuma yake niliona nyuso nyingine nne, tano za Kate, zimezeeka, zinanitabasamia.

Halafu zikaja zawadi, na hapa ndipo nilipokuwa nimesahau jambo ambalo hata mtoto wa Izia analijua. Kwenye sherehe zetu miaka ile zawadi haikupokelewa tu. Ilijaribiwa. Mshereheshaji hakuruhusu mtu arudi kitini mpaka aitumie mbele ya watu: ukipewa kitenge unajifunga unatembea, ukipewa beseni unajitwisha, ukipewa jembe unalima hewa mpaka upigiwe vigelegele. Nilikuwa nimehudhuria sherehe hizo mara nyingi, nimecheka na kupiga makofi. Lakini nilikuwa sijawahi kuwaza kitabu kinajaribiwaje.

"Blanketi la bibi!" mshereheshaji akapaza sauti. Alikuwa kijana mwembamba mwenye maneno mengi kuliko uzito. Bibi akafunikwa, watu wakashangilia. "Na hiki ni nini? Kitabu! Bibi, tunajaribu zawadi, soma!"

Bibi akakitazama, akamtazama yule kijana. "Mimi macho nimempa huyu," akasema, akamsukuma mjukuu wake, Sekunda, binti wa miaka minane, kisha akamrudia yule kijana. "Na meno nimempa baba yako, ndiyo maana anatafuna sana."

Uani watu wakavunjika mbavu. Sekunda akasoma mistari mitatu vizuri kabisa, kisha akasoma na cha kwake. Bibi harusi Oliva akapewa cha mapishi, akasoma jinsi ya kupika samaki kwa nazi, na wa Wampembe wakapiga kelele kwamba samaki hapikwi hivyo. Mimi nilikuwa nahesabu watu waliobaki.

Akabaki mmoja.

"Sasa," akasema mshereheshaji, "waliosoma kidogo wamesoma. Asome mwenye cheti!"

Watu wakapokea: "Mwenye cheti! Mwenye cheti!"

Mzee Kalisto akasimama. Akafungua ile karatasi ya dhahabu polepole, akaikunja, akaitia mfukoni. Akakifungua kitabu ukurasa wa mwanzo, akakiweka mbali kidogo na macho kama wasomaji wanavyofanya, akasafisha koo. Nikamuona ananitazama kwa sekunde moja. Kisha akaanza, kwa sauti nzuri, ya kupanda na kushuka.

"Mbolea ni chakula cha shamba. Shamba ni chakula cha nyumba."

Somo la nne. Neno kwa neno, baada ya karibu miaka ishirini.

Nikasema moyoni, hewala, imepita, mbolea na nyuki vyote ni kilimo, nani atajua? Watu wakapiga makofi. Lakini Yustina alikuwa amelitazama jalada la kitabu kile kabla sijakifunga, na jalada lilikuwa na mzinga mkubwa juu ya mti.

"Samahani baba mkwe," akasema, kwa adabu kabisa, "hicho si ndicho kile cha nyuki?"

Mzee Kalisto akabaki amesimama na kitabu mkononi. Mshereheshaji akageuka, akanitafuta kwa kidole.

"Mwalimu Skola! Umewauzia wakwe kitabu gani? Njoo utueleze!"

Neno "eleza" nimekwambia ni ugonjwa wangu. Nilikwenda mbele, nikapokea kitabu, nikasema kwa sauti ya darasani kwamba mzee amesoma sawasawa, ndugu zangu, kwa sababu kitabu cha nyuki huanza na shamba, maana nyuki hula maua, maua hutoka kwenye mmea, mmea hula mbolea, kwa hiyo mwandishi ametuanzia mbali, ndivyo waandishi wazuri wanavyofanya. Wengine walitikisa kichwa kwamba wameelewa. Ningerudi kukaa hapo hapo, yangekwisha. Lakini yule kijana akasema, "Basi tusomee, Mwalimu, tumalizie."

Nikapeleka mkono kifuani kutafuta miwani. Haikuwapo. Asubuhi ile nilikuwa nimeisahau tena kibandani, juu ya meza, karibu na mkasi. Nikautazama ukurasa. Sisimizi. Sisimizi weusi waliojipanga, hakuna hata mmoja niliyemtambua. Nikasimama mbele ya watu mia na zaidi na kitabu wazi, mwalimu wa kisomo, sijui kusoma.

Nikafanya walichofanya wanafunzi wangu.

"Mbolea ni chakula cha shamba," nikasema. "Shamba ni chakula cha nyumba."

Na kutoka nyuma, upande wa kimpumu, zile sauti za Kate zikaitikia kwa pamoja, zimejaa furaha ya kukumbuka ujana: "Asiyelisha shamba, nyumba yake italia!"

Walisimama kabisa. Mmoja aliinua mkono kama darasani. Wakaendelea na mstari wa nne na wa tano, na wengine ambao hawajawahi kufika Kate wakaanza kupiga makofi ya kufuata mdundo, wakidhani ni wimbo wa sherehe. Yustina akanyoosha mkono, akakichukua kitabu mikononi mwangu taratibu, akakitazama, na makofi yalipotulia akasoma ukurasa ule ule wa kwanza kwa sauti yake ya kuita mtumbwi:

"Nyuki hawapendi kelele."

Kicheko kilichofuata, msikilizaji wangu, nimeishi Ufipa maisha yangu yote na sijasikia kingine kama hicho. Mjomba wa bwana harusi alijipiga mapaja akasema, "Kumbe kile cheti cha ukutani ni picha ya ukutani!" Nilikaa chini kwenye mkeka wa watoto (huko ndiko wanakosema nilizimia). Wakati huo huo Mzee Kalisto aliurudisha uso wake mahali pake, akakichukua kitabu kwa Yustina, akakiweka kwapani, akarudi kitini akakaa wima. Mama Oliva hakunitazama. Ningeona afadhali angenitukana.

Wiki ile nzima vijana wa stendi hawakuniamkia tena kama watu. "Mambo, Mwalimu! Mbolea?" Na mwingine upande wa pili anajibu, "Chakula cha shamba, mshikaji!" Nilikuwa naitika poa, nafanya nini. Kilichonichosha si hao. Kilichonichosha ni kwamba kila usiku niliyasikia yale maitikio ya Kate, yalivyojaa furaha, na nikajua sikuwafundisha kusoma hata mtu mmoja kati yao. Niliwafundisha kunisaidia.

Jumanne Mzee Kalisto alikuja kibandani. Hakuja na suti. Alikuja na kitabu, kimefungwa kwenye karatasi yake ya dhahabu. Nikajua ananirudishia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Una kiti?"

Nikampa kiti changu, mimi nikakaa juu ya boksi. Tukakaa. Mama wa maharage akajifanya anapepeta.

"Ulikuwa unajua?" akauliza.

"Nilikuwa najua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya mtihani. Kabla ya mtihani."

Akatikisa kichwa polepole. Nilijitayarisha kwa lolote.

"Mimi nilidhani hujui," akasema. "Miaka yote hii nimekuficha. Nilipokuwa nakuona sokoni napita njia nyingine, usije ukanipa barua nisome. Nilisema moyoni, yule binti akijua nimemwangusha, atasikia vibaya. Na wakubwa wake wakijua, atafukuzwa kazi."

Mimi, ninayeeleza kila kitu, nikaanza kupanga vitabu vilivyokuwa vimepangwa tayari.

"Wakwe wamesemaje?" nikauliza mwishowe.

"Niliwaita Jumapili nikawaambia, kusoma sijui, nyuki nawajua. Yule mama wa samaki akacheka akasema basi lete asali, na cheti usikishushe, kioo chake kizuri, kiwekee picha ya arusi." Akakifungua kitabu mapajani. "Sasa hiki kinasema nini? Hapo penye nyuki hawapendi kelele, baada yake."

Nikavaa miwani. Nikamsomea mistari minne. Kwenye wa tano akanizuia mkono.

"Hapo wameongopa. Mzinga hauelekezwi hivyo, labda huko kwao. Huku kuna upepo." Akaweka kidole kwenye ukurasa. "Ni neno gani hapo, lililoongopa?"

Nikamwonyesha. Akaliangalia kwa muda mrefu sana, kwa hasira, kama mtu anayemkariri adui yake. Wiki iliyofuata alipokuja alilitafuta mwenyewe akalipata, kurasa mbili mbele, katikati ya maneno mengine ambayo hakuyajua. Lilikuwa neno lake la kwanza. Hakuimba. Tuliendelea hivyo kila Jumanne, taratibu mno, naye akibishana na kitabu njia nzima, na siku nyingine tulichoka wote wawili tukanywa chai tu.

Kwa hiyo umeniuliza umnunulie baba yako kitabu gani. Kitabu cha nyuki kilikuwa sahihi kwa Mzee Kalisto, hilo sijutii. Nilichokosea ni kukifunga kwa karatasi inayong'aa nikakipeleka kwa watu kabla sijakaa naye peke yake, kwa sababu nilikuwa namwogopa yeye na yeye ananiogopa mimi. Chukua hiki cha kuku, kwa kuwa umesema anafuga. Usinilipe leo, wala usikifunge. Nenda nyumbani, kaa naye mahali pasipo watu. Usifungue ukurasa wa kwanza, huo mtu anaweza kuubahatisha. Fungua katikati, msomee mistari miwili, umpe kitabu mkononi, kisha unyamaze.